Upande B

Kaseti nimeikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga,
pamoja na funguo mbili zisizo na kufuli
na stakabadhi ya mzigo, stesheni ya Tabora, mwaka tisini na moja.
Utepe umelegea. Naingiza penseli, nazungusha.
Binti yangu ananitazama: mama, unasokota nini?

Bendi ile tuliiita Wafiwa.
Jina lao la kweli lilikuwa refu,
Mihayo alilitamka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.
Watu wanne weupe kama unga wa muhogo,
wanja hadi mashavuni, wameegemea kaburi
kana kwamba wanasubiri chai.
Kaseti zao tatu alituachia Henk, mchimba visima,
aliyeondoka Isevya na malaria na deni la bia.
Nami nikachagua nyimbo, nikaziunga katika hii moja,
redio mbili zikitazamana mezani, mlango umefungwa,
jogoo wa jirani akiingia bila kualikwa.

Tuliwapenda kwa ujinga wote tuliokuwa nao.
Nilichovya sare ya shule katika unga wa betri kuukuu,
ikatoka rangi ya panya.
Basi nikajifunga kaniki ya bibi, masizi chini ya macho,
nikakatiza Ng'ambo saa saba mchana, jua la Oktoba.
Bibi hakucheka. Aliniketisha jikoni,
akaniuliza polepole mizimu ya upande gani imeniita,
ya baba au ya mama,
na kama nimeshaanza kuota nyoka.

Ni bendi, bibi.
Akasema: ndivyo wanavyoanza.

Kilichotugawa ni kaseti ya tatu.
Mpiga ngoma kaondoka, imeletwa mashine,
tiki, tiki, kama saa ya ukutani kwa padri,
na mwimbaji aliyekuwa akilia kutoka tumboni
sasa ananong'ona kama anadaiwa.
Mmoja wetu alisema: wameuza roho.
Mwingine: wamekua.
Mtu akikua hufuga kuku, hafugi mashine!
Tukanuniana tangu tumbaku ilipotundikwa mabandani
hadi mvua za kwanza,
kwa ajili ya wageni wanne
ambao Tabora wasingeiona hata wakioneshwa kwenye ramani.

Miaka thelathini nimeisimulia hivi:
mimi niliwatetea, Mihayo aliwakana.
Nimeisimulia harusini. Nimeisimulia msibani.

Leo nimegeuza kaseti.
Mwandiko wangu, wino wa zambarau, herufi za kujidai:
UPANDE B. TAKATAKA. USISIKILIZE.
Na chini yake, kwa penseli,
mwandiko wa Mihayo uliolalia kushoto:
Wimbo wa nne. Jaribu tena.

Nimeibeba hadi kwake Cheyo.
Masikio yake aliyaacha karakana ya reli,
nyundo zimeyala kidogo kidogo, yeye akilipwa kwa mwezi.
Niliweka redio mezani. Alibandika viganja kwenye mbao,
akafumba macho. Wimbo wa nne.

Si mzuri sana. Niseme ukweli.
Mwimbaji anachelewa, mashine haimsubiri.
Lakini kuna mahali karibu na mwisho
wote wananyamaza, besi inabaki peke yake,
inatembea ndani ya ile meza
kama abiria aliyesinzia, akaamka Urambo,
behewa tupu, wenzake walishashuka.
Niliona vidole vya Mihayo vikiinuka kabla yake, kila mara,
vikijua.

Nikamwandikia kwenye bahasha: nani alisema wameuza roho?
Akapaza sauti, jirani akachungulia:
WEWE! Na ukanirushia ndala!

Nikakaa. Chai ikapoa.
Jogoo aliyeliwa zamani akawika ndani ya utepe.
Nilitaka kusema samahani, na lilikuwa neno dogo,
lingetoka.
Nikasema: bado ni takataka.

Alinisoma midomo. Akavuta kiti.
Akazima redio
ili tugombane vizuri.