Chaki Mlangoni

Tulianza na kipimajoto kimoja cha maabara ya shule
na kipande cha chaki mfukoni mwa Tuyaara.
Ilikuwa Agosti, Jumamosi,
mbu wengi kuliko maneno.

Huku kando ya mto Aldan kila nyumba ina shimo lake:
ngazi kumi na mbili kwenda chini, mlango wa magogo, kisha giza
lenye harufu ya samaki na nyama ya farasi.
Humo wazee wetu waliiweka baridi akiba
kama mtu awekavyo fedha,
wakijua haitakwisha.

Hodi. Ni sisi, wa darasa la kumi.
Tunaomba kuteremka tupime.
Mama Varvara akacheka: Mpime nini, homa?
Keskil, asiyejua utani, akajibu: Ndiyo.

Chini tulikaa dakika tano kimya,
tukiisubiri zebaki iamue.
Hasi moja.
Juu ya vichwa vyetu, kwenye boriti,
marehemu mumewe alikuwa ameandika kwa penseli
mwaka aliozaliwa binti yao, na kando yake: hasi saba.
Mama Varvara aliigusa ile saba kwa kidole
kama anayepangusa vumbi.
Hakucheka tena.

Tulipopanda, Tuyaara aliandika mlangoni
kwa herufi za kuonekana barabarani: HASI MOJA.
Usiku mvua ikafuta.
Asubuhi tukarudi, tukaandika upya.

Nyumba ya pili. Ya tano. Ya tisa.
Wengine walitaka kujua kwa nini,
na Nyurgun akaanza mbali, kwenye moshi wa miji tusiyoifahamu,
akapita kwenye misitu yetu iliyoungua Julai,
siku zile jua la saa sita lilipokuwa jekundu kama jeraha
na kuku wakaingia kulala,
akaishia chini ya miguu yao.
Hapo ndipo walipotazama chini.

Kwa Prokopi tulifukuzwa.
Mnataka watu waseme nyama yangu imeoza?
Ilikuwa imeoza. Tuliisikia kabla ya kubisha,
lakini aibu ina mlango mzito kuliko wa magogo.

Mwalimu mkuu akatuita ofisini.
Kuna siku maalumu, alisema, kuna mabango, mnaweza hata kuimba.
Tulishaimba, mwalimu.
Aprili tulivaa kijani, tukapigwa picha,
na sakafu ya ukumbi wa michezo ikaendelea kuzama upande wa dirishani,
hadi leo mpira ukiuweka katikati
unajua wenyewe pa kwenda.

Usipoziba ufa, husemwa, utajenga ukuta.
Ukuta huu tumeujenga mara mbili.
Kinachopasuka ni kile kilichoubeba.

Septemba chaki zilituishia, tukaomba duka la ushirika.
Na pale dukani, kwenye foleni ya sukari,
tukawasikia wanaulizana:
Kwako ngapi?
Hasi mbili.
Una bahati wewe.
Bibi mmoja wa ng'ambo ya daraja alitukaripia
kwamba tumempita, kana kwamba yeye hana shimo,
kana kwamba yeye si mtu.

Milango sitini na moja.
Kisha, asubuhi ya theluji ya kwanza,
kwenye mlango wa Prokopi tulikuta namba
tusiyoiandika sisi,
ya mkaa, mwandiko wa mkono mnene:
MBILI JUU YA SIFURI.
Mlango ulikuwa wazi. Yeye hakuwapo,
au alikuwapo, nyuma ya pazia.

Keskil alishuka, maana Keskil lazima ashuke.
Akarudi na kipimajoto kwenye kiganja.
Ni nne, alisema. Si mbili.
Akanyoosha mkono apewe chaki asahihishe.

Tuyaara akaificha mgongoni.