Nusu ya Nusu

Dawa ya kwanza imeharibika, anasema Hedvig,
mkemia mwenye kikohozi, soksi za sufu na saa mbili mkononi.
Tungoje. Chini, nyuma ya ukuta wa zege,
saiklotroni inapika kaboni nyingine,
kaboni isiyojua kukaa:
kila dakika ishirini, nusu yake haipo.

Nami nangoja, Torvald Brännlund, miaka sabini na moja,
fundi vioo wa Uppsala, mgane.
Nje theluji, na vijana wanapita na baiskeli
kana kwamba hawana masikio ya kuganda.

Vioo nimekata miaka arobaini.
Dirisha nalijua: ni ukuta uliokubali.
Fuvu halijakubali kamwe.
Basi wanatuma mjumbe kwa njia ya damu,
molekuli yenye taa,
ikitafute kimeng'enya kimoja tu, ikishike kiunoni,
ikitaje kabla taa haijazimika.

"Kimeng'enya gani?" kaka yangu Assar aliuliza kwa simu.
Kile kinachotwaa homoni ya kiume
na kuigeuza estrojeni.
Kicheko. "Kwako wewe? Umekosea wodi."
Nilicheka pia.
Sikulala.

Hedvig anakuja mbio na kisanduku cha risasi,
si mbio za hofu, mbio za hesabu.
Sindano. Baridi inapanda kiwiko.
Kichwa changu kimefungwa kama kioo cha safari,
dakika tisini.

Kisha skrini. Ubongo wangu, bluu nzito,
na ndani kabisa, kulia na kushoto,
makaa mawili.
Hapa, anagusa kwa kalamu, thalamasi. Hapa amigdala, kidogo.
Kwa wanawake, hapohapo. Kwa wanaume, hapohapo.
Kumbe siku zote jiko lilikuwa kwangu,
na mimi nikisikia harufu nikidhani ni ya jirani.

Nikamwuliza: hilo ndilo lililolia alipofariki Majken,
au ndilo lililonizuia kulia?
Akakohoa. Akatazama saa zote mbili.
"Hatujui. Hilo halipo kwenye picha.
Ukifika nyumbani unywe maji mengi."

Nimevuka daraja la mto Fyris kwa miguu
nikihesabu: nusu, nusu ya nusu,
nusu ya nusu ya nusu,
mpaka nikapotewa na hesabu mbele ya duka la mikate.
Dirisha lao lina ufa pembeni, chini,
kazi ya mtu asiye na subira.
Nikaingia, theluji mabegani,
nikawaambia wasilifunge kwa kishindo.