Vigingi Viwili

Juu ya shamba la viazi la Mwakibete
ardhi imepasuka mdomo.
Nimepigilia vigingi viwili, kimoja huku, kimoja kule,
nikafunga kamba ya katani kati yao.
Jumatatu ilikuwa imelegea.
Alhamisi imekaza kama mshipa wa shingo.
Mlima hausemi. Unavuta kamba tu.

Kwenye daftari la miraba
aliloliacha mwanangu darasa la sita
nimeandika watu wa Isebe, nyumba kwa nyumba:

Bibi Atupakisye, miguu imekataa.
Atabebwa na Lusajo; Lusajo akiwa pombeni, na Gwamaka.
Fundi Asumwisye hasikii. Agongewe ukuta wa kichwani.
Ng'ombe wa Ambwene wafunguliwe, wasisubiriwe.
Anyelwisye atakataa. Apewe mtu wa kubishana naye
huku wanatembea.

Mvua naipima kwa chupa ya plastiki
niliyoikata shingo, nikaichora mistari kwa msumari.
"Katibu wa Mawingu," wananiita kilabuni.
Sawa. Cheo ni cheo.

Usiku mmoja wa Aprili chupa ikajaa kabla ya saa nne.
Nikaipiga rimu ya lori, mapigo matatu matatu,
mpaka mkono ukafa ganzi.
Tukashuka kwa tochi za simu,
tukavuka daraja la magogo hadi shuleni,
tukakuta kufuli.
Ufunguo uko Tukuyu, kwa mwalimu,
na mwalimu yuko harusini.

Watu mia na kumi na saba chini ya upenu,
watoto wakitetemeka ndani ya vitenge vilivyolowa.
Mlima ukakaa kimya mpaka kumekucha.
Haukuanguka.

Matusi niliyotukanwa siwezi kuyaandika hapa.
Mbuzi wawili walikufa maji. Anyelwisye akadai fidia.
Mimi nilifungua ukurasa mpya:

Magogo yanateleza, yawekewe kamba ya kushika.
Ufunguo wa pili ukae kwa mama Sekela, mkabala na shule.
Kuni kavu na mapipa mawili ya maji, stoo.
Lusajo, kumbe, hakuwa pombeni.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Najua, wahenga walisema vijinga vya kuni.
Lakini siku hizi nikisikia neno kinga
naona ufunguo ukining'inia msumarini
kwa mama Sekela.

Leo ufa umeongezeka vidole viwili.
Nimeandika tarehe. Mawingu yamekalia Uporoto
kama kuku aliyegoma kushuka kwenye mayai.
Shangazi mtu amepita kuomba chumvi, akaniambia habari,
nami nimeongeza mstari chini kabisa,
pale karatasi inapoanza kuchanika:

Tumwanukye, siku nne tangu ajifungue. Asikimbizwe.
Mtoto, bado hana jina. Mwepesi.
Atabebwa na

Nimeitazama mikono yangu,
ule wa rimu
na ule wa penseli.