Kiti Kilichochelewa

Mimi ndiye niandikaye mishahara
katika karakana ya Ermes Da Rin:
fremu za miwani, watu kumi na tisa,
milima ya Cadore ikituziba jua
tangu Novemba mpaka Februari.
Naandika pia waliokwenda.
Wana faili lao, la kijani,
na mwaka huu limenenepa kuliko la wateja.

Bondeni kuna kiwanda kikubwa.
Kina basi lake, lenye joto ndani,
kina chekechea, kina daktari wa meno,
na mtoto wa mfanyakazi akifaulu
hununuliwa vitabu vya mwaka mzima.
Sisi tuna kikapu cha matufaha.

Mshauri alipanda kutoka Padova na kompyuta yake,
akasema, "Ustawi wa wafanyakazi,"
akasema tena, kama mtu aonjaye supu,
akaacha ankara.
Ndipo yakaja matufaha, kila Jumatatu,
yanang'aa kushinda fremu zetu.
Ijumaa yaliyobaki nawapelekea sungura wa jirani.

Oriella alikuwa mkono wa mwisho.
Miaka thelathini na mmoja,
fremu ikitoka kwenye gurudumu
yeye huipitisha shavuni, amefumba macho,
na shavu humwambia mkwaruzo uko wapi.
Hakuna mashine yenye shavu.
Chanda chema huvikwa pete;
chake kilivikwa plasta.

Hakuomba pesa. Nataka hilo lijulikane.
Aliomba kiti, maana cha kwake
kilisimama kwa hisani ya kadibodi.
Na aliomba atoke saa nane na dakika arobaini,
kabla mama yake hajaingia barabarani
na kandambili thelujini
kumtafuta mume aliyezikwa zamani.

Ermes alisema, "Tutaona."
Si mtu mbaya. Mwaka ule wa hasara
alijifuta mwenyewe kwenye orodha ya malipo;
ile sifuri niliiandika mimi.
Lakini "tutaona" ni neno lisilo na tarehe,
nami kazi yangu ni tarehe.

Barua yake ilikuwa mistari mitatu.

Usiku ule nilipiga hesabu:
miezi minane kumfunza mwingine,
fremu mia nne na kumi za kutupa,
mteja wa Lyon aliyerudisha sanduku zima
na kikaratasi ndani: "Huyu si yule."
Chini ya jumla, kwa penseli,
nikaandika bei ya kiti.

Ermes alisoma amesimama. Kimya.
Kesho yake alitutangulia,
akakaa pale pale pa Oriella, aking'arisha
kutwa, vumbi limemganda nyusi,
na saa kumi alipotaka kuinuka
mgongo ulikataa. Tulimvuta wawili.
Hatukucheka.
Nevio alicheka, baadaye, kidogo.

Viti vimefika. Kumi na tisa;
aliagiza kabla hajahesabu upya.
Saa za kutoka zimebandikwa ukutani,
kila mtu amejiandikia yake:
Dieynaba saa nane na nusu, kwa ajili ya pacha,
Nevio saa kumi na moja, maana asubuhi
yeye na kitanda ni ndugu wa tumbo moja.
Matufaha yamekoma. Hakuna aliyeyaulizia.

Oriella nilikutana naye buchani.
Nikamwuliza habari za kiti cha huko.
"Kizuri," akasema. "Na mama ana mtu wa kumwangalia.
Ila fremu huko zinapita chini ya taa, basi.
Hazinifikii."
Akajigusa shavu
kama anayepapasa hereni iliyodondoka.

Nami ninayo barua yangu.
Imekaa drooni tangu Machi, imekosa tarehe tu.
Sijaichana.
Jana, nikiwa nimekaa kwenye kiti kipya,
niliihamishia droo ya chini,
chini ya ankara ya yule mshauri.