Siku ya Sabini na Moja ya Eda

Kitabu alikileta Mishi, binti wa kaka yangu,
kimeviringishwa lesoni chini ya bakuli la mbaazi
kama magendo ya Kilindini.
"Shangazi, hiki usikisome mbele za watu."

Ni mchezo wa kuigiza. Jalada limechanika.
Mume anakufa ukurasa wa tatu
na hadi onyesho la mwisho hajazikwa,
maana mchimba kaburi anadai, muuza sanda anadai,
na kila deni likitajwa,
(Maiti anapiga chafya.)
Ndivyo ilivyoandikwa, ndani ya mabano, bila haya.

Siku sabini na moja sijapaka wanja, sijagusa udi,
kioo kimegeuzwa uso ukutani,
na nimecheka hata nikauma mto.

Bi Zuwena, chini, kasikia kitanda kinalia.
"Masikini, anamlilia Msellem,"
na wenzake wakashusha pumzi,
kisha wakaendelea kugawana mahamri.
Sikuwasahihisha.

Nimejiuliza nakitafuta nini humo.
Si matusi: matusi nayasikia bure dirishani,
mkokoteni ukikwama uchochoroni hapa Kibokoni.
Wala si ukafiri; rakaa sijaacha hata moja.
Ni yule mjane wa ukurasa wa arobaini,
anayemwinamia marehemu, watu wakidhani anambusu,
akamnong'oneza:
"Funguo za sanduku, mwanaharamu, umeziweka wapi?"

Nikakilaza kitabu kifuani.
Maana usiku ule, maji ya kumwoshea yakiwa bado jikoni,
mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa koti lake
ukitafuta hati ya nyumba.
Ukapata stakabadhi ya kitanda, futi tano kwa sita,
kipelekwe Likoni.
Likoni sina ndugu. Wala yeye hakuwa naye.

Ningemwambia nani?
Kwetu marehemu hasemwi ila kwa mema,
kifo humtakasa mtu upesi kuliko sabuni.
Kitabu ndicho kilichonivuta mkono:
njoo, bibi, huku ndani sote tumekwisha kuaibika.

Wangeuonyesha ukumbini, nisingekwenda.
Na ningekwenda, ningeketi nyuma, buibui hadi machoni,
nikingoja jirani acheke kwanza
nijue kama inafaa.
Kusoma hakuna jirani.
Chandarua ndicho pazia, waigizaji nawachagua mimi:
shemeji Twalib, aliyekuja siku ya tatu
kupima vyumba kwa kamba, nimempa usheikh mwenye tamaa;
Bi Zuwena ndiye mwosha maiti anayeiba karafuu maiti;
na Msellem, maiti.
Hakuwahi kunyamaza hivi nyumbani. Anaigiza vizuri.

Leo nimefika mwisho. Wanambeba, hatimaye,
na jeneza halipiti mlangoni.
Wanalipinda huku, wanalipinda kule,
nami nikakumbuka: letu pia halikupita.
Ngazi za nyumba hii nyembamba kama mdomo wa birika.
Walimwinua, karibu wima, pale kwenye kona,
akakaa hivyo kama mtu anayengoja kuulizwa jambo,
na nikaona, Mungu nisamehe, kwamba inachekesha,
nikakimeza kicheko kizima kizima
na kikanikaa tumboni.

Kimetoka ukurasa wa themanini na nane,
na nyuma yake machozi, haya ya kweli, ya Msellem,
ya miaka kumi na tisa,
ya chai aliyoniachia nusu kikombe kila asubuhi
na asiseme kwa nini.

Bi Zuwena anapanda ngazi na maji ya sukari.
Nimekisukuma kitabu chini ya godoro.
Amesimama mlangoni, ananitazama uso.
"We Mwanaisha, unalia ama unacheka?"

(Mjane anapiga chafya.)