Masharubu ya Harindra

Mimi ndiye niliyemchora Harindra Vasvani
ukutani mwa sinema, Mbale, upande unaotazama soko.
Nilimpa masharubu membamba,
mstari mmoja wa wino mweusi, pumzi nimeibana,
maana Chaganlali mwenye ukumbi alikuwa chini ya ngazi
akitafuna njugu: Wozei, ukikosea mdomo
watamdhania adui. Nani atakata tiketi?

Alikuwa steringi. Na steringi hafi.
Hilo tulifundishwa na viti vya mbele, vya senti hamsini,
pale shingo inapouma na mapenzi yanakuwa makubwa kama nyumba.
Jumamosi alipigwa risasi tatu; Jumapili mchana yu mzima,
amelowa mvua ya mpira wa maji, anamkimbilia mtu.
Sisi tukatoka, tukalowa mvua ya Masaba,
ya kweli, ya baridi,
hatuna wa kumkimbilia.

Nabifo wa cherehani hakuwahi kuingia ndani.
Kola ya Harindra aliikata kwa kutazama ukuta wangu.
Mwaka ule nusu ya mabwana harusi wa Mbale
walivaa kosa langu la brashi.

Kisha filamu zikamleta akiwa kaka mkubwa.
Nikamwongeza shavu.
Zikamleta akiwa baba wa bibi harusi.
Nikamtia mvi kwa chokaa iliyosalia.
Mwisho hakimu, dakika nne, nyundo moja mezani,
jina lake limeshuka chini kabisa ya bango,
dogo kuliko la waliochapisha bango.
Sikumchora upya hata mara moja. Nilimzeesha
palepale, tabaka juu ya tabaka,
na mimi juu ya ngazi nikaanza kushika kiuno.

Ukaja mwaka wa siku tisini.
Chaganlali aliniuliza ananidai au namdai.
Nikasema kumi na mbili. Akalipa ishirini.
Akasimama pale pa ngazi, ngazi haipo,
akamwaga Harindra, si mimi.
Sikuona ubaya.

Wanajeshi waliugeuza ukumbi ghala la mahindi.
Futa huyo, waliniambia.
Nilianza na macho, ili asione aliyekuwa anapaka.

Lakini chokaa ni chokaa. Kila masika
masharubu yanatangulia kutoka,
kisha kola. Mvi hazionekani: nyeupe ndani ya nyeupe.
Ukuta umemrudishia ujana ambao Bombay ilimnyima.

Redio ilimtangaza marehemu kwa nusu dakika,
kati ya bei ya kahawa na mpira.
Wiki ileile, kwenye kibanda cha video nyuma ya soko,
mfasiri akimsemesha Kigisu kwa sauti ya kukwaruza,
hakimu aliinua nyundo, akaamkia mahakama: Mulembe!
Mtoto mmoja, hata meno ya mbele hana,
akaruka kwenye benchi:
Huyo! Huyo ni yule wa ukutani!

Dakika nne. Zilimtosha.

Jana wamekuja watu wa kampuni ya simu.
Wanataka ukuta wote uwe njano, na namba kubwa katikati.
Wanalipa vizuri, sitadanganya, nimepokea.
Wameleta rangi yao wenyewe, madebe sita,
nzito, wanasema, hufunika chochote.

Walipokwenda kula
nikaongeza maji.