Mji wa Themanini

Tulimnunua mnadani kwa elfu themanini,
jina likabaki hilo.
Miaka sita anapandisha maji Oldonyo Sambu,
madumu manne, siku nyingine na mtoto juu yake,
na tumboni hajabeba kitu.

Madume yamekwisha. Mengine yalichukuliwa usiku,
ngozi zikaenda, nyama wakaachiwa fisi.
Lililobaki, la kwa Lesikar, lina goti bovu,
halipandi.

Basi akaja Dokta Ndekirwa na pikipiki,
chupa ya chai kaikumbatia kifuani.
Nikatoa vikombe.
Alicheka mpaka akashika ukuta:
mama, hizi ni mbegu za dume la Usa River,
zimekingwa alfajiri, zimepoozwa,
jua likizama nazo zimekwisha.
Nikarudisha vikombe.

Themanini alikuwa ameanza tangu juzi,
masikio nyuma, mdomo ukifumba na kufumbua
kama bibi kibogoyo mwenye ugoro.
Yai limeiva, alisema daktari,
akanionyesha kwa vidole: hivi, zambarau kubwa.
Mkono ukazama hadi begani.
Mlango wa mji wa punda, alisema akihema,
ni mrefu, mwembamba,
ukiwa na haraka hufiki.
Nami siku zote nikidhani mji ni Arusha.

Shukrani ya punda mnaijua.
Huyu hakupiga teke.
Alikojolea buti za daktari, kwa utulivu, zote mbili.

Siku ya kumi na sita akarudi na mashine,
kioo cha ukubwa wa daftari.
Kijivu, kijivu, ukungu wa Meru mwezi wa saba,
kisha tundu moja jeusi, la duara.
Huyo, akasema.

Mimi nimezaa watano.
Hakuna aliyeonwa kabla hajalia.
Nauli ya kwenda hospitali ilikuwa debe la mahindi,
na mahindi tulikuwa tunayala.
Nikamnong'oneza Themanini sikioni, sikio refu lile:
umenitangulia.

Miezi kumi na miwili, labda kumi na mitatu,
punda huchelewa apendavyo.
Na tundu, kasema, laweza kufutika lenyewe
bila kuaga.
Silitaji jina.
Nimemshusha madumu mawili,
hayo nayabeba mimi, moja mgongoni, moja mkononi.
Jirani ananiuliza, kwani punda hapa ni nani?
Namwambia akaze mfuniko,
maji yanamwagika.